Pesa Zetu, Vitabu Vyao

Leo nina dukuduku ambalo nikilinyamazia litanikaba roho.

Kule kwetu tuna mradi wa maji unaoendeshwa na kamati ya kijiji. Mabomba yalinunuliwa kwa pesa za serikali, yaani kodi ya wazazi wetu. Mwaka jana bei ya mtungi wa lita 20 ilipanda kutoka shilingi 3 hadi 5. Mama akasimama mkutanoni akaomba kuona vitabu vya hesabu. Mwenyekiti akamjibu, "Mama, sisi si serikali, ni kikundi tu cha kujisaidia." Watu wakaangua kicheko, mama akaketi. Mimi niliona haya, lakini si kwa ajili ya mama.

Eti si serikali! Wakati wa kupokea pesa za umma wao ni wa umma, wakati wa kuulizwa ni wa kibinafsi. Hao ni popo: kwa ndege si ndege, kwa wanyama si mnyama.

Jamani, tusome sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari za serikali, na hata zilizo kwa mtu mwingine zikihitajika kulinda haki yoyote. Maji safi ni haki, kifungu cha 43. Tena Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inayagusa mashirika ya kibinafsi yanayotumia pesa za umma au kutoa huduma za umma.

Wengine watasema wanaojitolea watachoshwa na maswali. Kweli, yako mambo ya kusitiriwa. Shirika likiwalipia mayatima karo, majina yao yasibandikwe ukutani, na sheria yenyewe inalinda faragha ya mtu. Lakini gharama ya stima ya pampu ni siri ya nani?

Wanachama wenzangu, sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na jibu linatakiwa katika siku 21. Basi tuwasaidie wazazi wetu kuandika barua hizo. Ya mama nimeshaiandika.

Nasi tuanze nyumbani: hesabu za jarida hili zibandikwe ubaoni. Mimi mweka hazina niko tayari kuulizwa wa kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu