Nikeli ya Ngara, Nikeli ya Juani

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya korona, anga la nje la Jua, na msomaji wa Ngara au Biharamulo ana haki ya kuuliza linamhusu nini. Tuanze na alichonacho chini ya miguu yake: nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Katika kupatwa kwa Jua kwa mwaka 1869, wanasayansi waliona kwenye mwanga wa korona mstari wa kijani ambao haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, wakadhani wamepata elementi mpya. Miaka zaidi ya 70 ilipita kabla ya Bengt Edlén wa Sweden kuthibitisha kuwa ule ni mwanga wa chuma kilichopoteza elektroni 13, na kwamba mistari mingine ya aina hiyo ni ya nikeli, madini yaleyale yaliyolala Kabanga. Atomi haivuliwi elektroni kiasi hicho bila joto la nyuzi milioni moja au zaidi, ilhali uso wa Jua una nyuzi 5,500 hivi. Hata hivyo, joto pekee halitoshi kuieleza plazma hiyo, yaani gesi ya atomi zilizovuliwa elektroni. Ni nyepesi kuliko hewa tunayovuta kwa zaidi ya mara bilioni moja, na kwa kuwa ina chaji hufuata uga wa sumaku; ndiyo maana hujipanga kwa matao, na uga huo ukivurugika ghafla, hurushwa angani mabilioni ya tani za plazma, zinazoweza kuzua dhoruba za sumaku duniani.

Wapo watakaosema dhoruba hizo ni shida ya nchi zilizo karibu na ncha za dunia, kama Quebec iliyokosa umeme Machi 1989. Ni kweli kwamba njia ya umeme wa Rusumo hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo, haikabiliwi na hatari ya kiwango hicho. Lakini mionzi ya tabaka za nje za Jua ndiyo inayotengeneza plazma nyingine juu ya vichwa vyetu, ayonosfia. Kwenye ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia, plazma hiyo huinuka mchana kisha huteremkia kaskazini na kusini, na Kagera, mkoa wenye Ngara na Biharamulo, iko upande huo wa kusini. Jua likizama hutokea humo mapovu yanayoyumbisha mawimbi ya GPS, na mpima ardhi anayetegemea setelaiti anaweza kupata vipimo vyenye kasoro. Kwa hiyo makala zinazofuata zimepangwa kwa mfuatano wa joto, uzito na sumaku, ili mwalimu wa fizikia aanze na jiwe la Kabanga kabla ya kufika juani.