Nani Atauza Gemu za Juba?

Desemba 2023, kampuni ya Versus Evil ya Baltimore, Marekani, ilifungwa. Ilikuwa kampuni ndogo ya kuchapisha gemu, iliyoanza mwaka 2013 na kuitoa The Banner Saga iliyosifiwa sana. Mwaka 2021 ilinunuliwa na kampuni ya tinyBuild, na haikumaliza miaka 3 chini ya mwenye mali mpya. Gemu zake hazikuwa mbovu. Uamuzi wa kuishi au kufa ulikuwa umeshatoka mikononi mwake.

Kifo hicho kinatuhusu sisi wa Juba, Sudan Kusini, kwa sababu gemu zetu nazo ziko mikononi mwa wengine. Lual Mayen, mtunzi wa gemu wa Sudan Kusini, alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka 3 amnunulie kompyuta, na kijana akawa anatembea mwendo wa saa 3 kwenda kuichaji. Humo kambini ndimo alimotengeneza Salaam, gemu ya mkimbizi anayehitaji maji, chakula na dawa ili aendelee kukimbia. Mwaka 2018 alitunukiwa Los Angeles katika hafla ya The Game Awards. Kampuni yake, Junub Games, aliianzishia Washington.

Simlaumu hata kidogo. Washington kuna wawekezaji, umeme na benki. Ila swali linabaki: kwa nini Sudan Kusini imtoe mtunzi wa gemu, ishindwe kuwa na mchapishaji wake?

Wapo watakaosema nchi yenye njaa haina nafasi ya michezo. Waende soko la Konyo Konyo hapa Juba. Kwenye vibanda vya kuchaji, simu zimepangwa mezani, jenereta inanguruma, na wenye simu wanalipa. Jirani yake kijana ananakili nyimbo na filamu kwenye memori kadi kwa malipo. Usambazaji upo, wateja wapo, na pesa kidogo inatembea. Ila mtunzi wa kazi inayonakiliwa hapati hata senti.

Nionavyo, pengo letu kubwa ni ukusanyaji wa malipo, kwa kuwa anayeshika malipo ndiye anayeamua kampuni iishi au ife. Maduka ya mtandaoni yanataka kadi ya benki, na wachezaji wengi wa hapa hawana. Hata mlango wa kuuzia si wetu: Mayen mwenyewe alipanga kuitoa Salaam kupitia Facebook, na Januari 2025 serikali yetu iliamuru Facebook na TikTok zifungwe kwa hadi siku 90, baada ya video za mauaji ya Wasudan Kusini huko Sudan kusambaa. Hofu ya kulipiza kisasi ilikuwa ya kweli, na amri yenyewe iliondolewa baada ya siku chache. Hata hivyo, mchapishaji mdogo anayetegemea mlango mmoja angeweza kufilisika kwa amri ya namna hiyo.

Njia isiyohitaji kadi ipo: huduma yetu ya malipo ya simu, m-Gurush, ipo tangu 2019. Tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, pamoja na Kenya iliyoizoesha dunia M-Pesa. Benki Kuu iwaruhusu watunzi wadogo kupokea malipo ya simu kwa ada nafuu, yakiwemo ya kutoka Kampala na Nairobi, na vijana wa vibanda vya Konyo Konyo wasajiliwe kama mawakala wa watunzi hao, wakipata fungu lao kwa kila gemu wanayouza.