Damu katika Mkojo: Tusifiche, Wala Tusihukumu Kabla ya Vipimo



Ilikuwa imekaribia Iddi ya kuchinja. Baada ya sala ya Alasiri, mzee wetu mmoja alitufuata ofisini na kuuliza kwa sauti ya chini: mtu anayekojoa mkojo wenye damu, sala yake inasihi? Tulimjibu kwamba mkojo ni najisi, uwe na damu au usiwe nayo. Ajitwaharishe, atawadhe, aswali. Iwapo unamtoka bila kukatika, basi atawadhe kwa kila faradhi baada ya wakati wake kuingia.

Kisha nasi tukamuuliza: damu hiyo ilianza lini? Akasema, kabla ya Ramadhani. Kwa kuwa hakuwa na maumivu, hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe.

Hospitalini walimwingiza kamera nyembamba kibofuni, wakaona uvimbe. Nyumbani, neno saratani likatangulia majibu: watoto wakalia, ndugu wakaanza kuzungumzia wasia. Lakini kipande kidogo cha nyama kilichopelekwa maabara kilitoa habari nyingine. Ilikuwa amiloidi.

Amiloidi ni protini ya mwili iliyojikunja isivyo kawaida, ikashindwa kuyeyuka na kujilimbikiza katika viungo. Katika kibofu cha mkojo ni ugonjwa wa nadra sana. Huleta damu bila maumivu, na ukitazamwa kwa kamera hufanana mno na saratani. Kinachoutambulisha ni maabara: nyama hutiwa rangi nyekundu maalumu, na chini ya darubini yenye mwanga maalumu amiloidi hung'aa kijani.

Je, amiloidi huzaa saratani? Hilo halijathibitika. Hata hivyo, mara chache viwili hivyo vimekutwa katika kibofu kimoja. Kwa hiyo daktari hatosheki kwa kutazama tu. Huchukua nyama ikapimwa. Huchunguza pia kama amiloidi imeenea kwenye figo au moyo. Iliyo kibofuni pekee huweza kuondolewa kwa kupitia njia ya mkojo, na kwa kuwa hupenda kurudi, mgonjwa huendelea kuhudhuria kliniki.

Wala habari hii isitufanye tujipe matumaini ya uongo. Watu wengi wenye damu katika mkojo hawana amiloidi. Huenda ni maambukizi, mawe, kichocho, tezi dume au saratani yenyewe. Kichocho cha mkojo kisichotibiwa kwa miaka mingi huweza kuzaa saratani ya kibofu, na tumbaku ni miongoni mwa visababishi vyake vikubwa. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema, matibabu yake huwa na matumaini makubwa zaidi.

Haya ni katika imani, lakini haya inayomzuia mume kumweleza mkewe maradhi yake haimhifadhi. Inampotezea muda tu. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Basi damu ikionekana katika mkojo, hata mara moja ikakoma, na twende hospitali. Enyi mama, waulizeni waume zenu kwa upole. Enyi vijana, msimwache baba aende peke yake. Na majibu yasipotoka, tusimzike mtu kwa maneno.

Wallahu a'lam.