Injini mpya isikimbizwe, wala isidekezwe

Mkulima aliyenunua pawatila au mashine ya kusaga kwa mkopo huitia kazini siku hiyo hiyo, kwa nguvu zote, ili rejesho la kwanza lipatikane. Mwingine huiacha ingurume bila kazi kutwa nzima, akiamini ndiyo kuilainisha. Wote wawili wanaiharibu.

Ringi za pistoni hukaa sawasawa ndani ya silinda zinaposukumwa na mgandamizo wa kazi. Injini ya dizeli isiyopewa mzigo, kuta za silinda huteleza kama kioo. Ringi hazizibi vizuri, oili inapita na kuungua, na moshi wa buluu unaanza kabla deni halijaisha. Kazi iwepo, ila ya wastani, na mwendo ubadilishwe mara kwa mara.

Oili ya kwanza hubeba chembe za chuma. Injini ndogo za Honda GX hutakiwa kubadilishiwa oili baada ya mwezi wa kwanza au saa 20. Trekta nyingi ni baada ya saa 50. Muuzaji anayekabidhi mashine bila kitabu cha maelekezo (au chenye Kichina kitupu) anamwachia mkulima hasara ambayo waranti huenda isiifidie. Mkulima asitie saini ya kupokea kabla hajaelezwa saa hizo na kuziandika.