Mtoto wa Mbwa Anayevuka Ziwa Mweru

Mjini Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, anayetaka mtoto wa mbwa haendi dukani. Husubiri jike wa jirani azae. Watoto wakishafumbua macho na kuanza kutambaatambaa uani, hugawanywa: mmoja kwa shemeji, mwingine kwa mvuvi anayetaka mlinzi wa nyavu zake, mwingine kwa yeyote atakayetangulia kufika. Pesa ikitolewa ni kidogo, na mara nyingi haitolewi kabisa. Na kwa kuwa mnyama ametolewa bure, hakuna anayeuliza maswali. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Kwenye nchi tajiri, swali la mbwa alikotoka limekuwa vita dhidi ya wafanyabiashara. England ilipiga marufuku mwezi Aprili 2020 madalali kuuza watoto wa mbwa na paka walio chini ya miezi sita. Sheria hiyo hujulikana kwa jina la Lucy, jike aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka banda moja huko Wales alikozalishwa mfululizo hadi mwili ukamchakaa. Ufaransa nayo, tangu Januari 2024, imeyakataza maduka ya wanyama kuuza mbwa na paka. Sharti kuu la England ni jepesi kueleweka: mnunuzi amwone mtoto akiwa na mama yake, pale pale alipozaliwa.

Mkazi wa Nchelenge anaweza kutimiza sharti hilo kwa kutembea nyumba tatu. Mama yupo uani, na mwenye mbwa yupo kibarazani. Anaweza kuulizwa kama jike huyo amechanjwa kichaa cha mbwa, kama ni mkali kwa watoto, kama wanawe wamepewa dawa ya minyoo. Anaweza pia kuombwa asiwatoe kabla ya wiki nane. Mtoto anayeondolewa mapema hukosa maziwa, na hukosa pia mafunzo ya mama na ndugu zake, ambao humfundisha asing'ate kwa nguvu anapocheza. Fursa hiyo wengi huko Ulaya huilipia pesa nyingi. Hapa ipo, ila haitumiki.

Ugumu wenyewe uko majini. Ng'ambo ya Mweru ni Kongo, na miji yake ya Pweto na Kilwa. Katikati kuna visiwa, kikiwemo Kisiwa cha Kilwa ambacho ni cha Zambia ingawa kimekaa karibu zaidi na upande wa Kongo. Kila siku boti na mitumbwi huvuka na samaki, unga, vitenge na jamaa wanaokwenda kutembeleana. Vita vya Katanga na Tanganyika vilipowafukuza watu makwao mwaka 2017, maelfu walivukia Zambia, na mapema mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yakafunguliwa wilayani Nchelenge. Udugu wa pande hizi mbili ni wa zamani kuliko mpaka. Kwa hiyo mtoto wa mbwa akiwekwa kwenye kapu ndani ya boti, hakuna anayemwona kuwa bidhaa ya kuulizwa kibali, ijapokuwa Sheria ya Afya ya Wanyama ya Zambia ya mwaka 2010 inawahusu wanyama wote wanaoingizwa nchini.

Kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kinajua gharama ya safari kama hiyo. Kwa miaka kadhaa kisiwa hicho kilichanja mbwa wake kila mwaka, shehia kwa shehia, na mwaka 2014 kichaa cha mbwa kikatoweka. Mwaka 2016 kikarudi. Watafiti walipochunguza vinasaba vya virusi, waligundua kwamba ugonjwa ulikuwa umeletwa upya kutoka Tanzania Bara, tena na binadamu, kwani hakuna mbwa anayeogelea mkondo wa bahari ulio kati ya Pemba na bara. Ilibidi kampeni zianze tena kisiwa kizima hadi mwaka 2018 ndipo ugonjwa ukakomeshwa kwa mara ya pili.

Kisa cha Flores, nchini Indonesia, kinawagusa wavuvi moja kwa moja. Kisiwa hicho hakikuwa na kichaa cha mbwa hadi mwaka 1997, wavuvi walipofika na mbwa watatu kutoka kisiwa cha Buton. Kufikia 2003 watu wasiopungua 113 walikuwa wamekufa. Serikali iliua mbwa kwa wingi wa kutisha, lakini ugonjwa haukuondoka.

Wavuvi wale hawakuwa na nia mbaya. Mnyama aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kwa wiki au miezi kabla ya dalili kutokea. Mtoto wa mbwa ni hatari zaidi kwa sababu ya upole wake: hubebwa, hupakatwa, hulambalamba mikono ya watoto, na meno yake madogo yakichubua ngozi hakuna anayekimbilia kunawa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, hakuna tiba. Kinachookoa ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15 na kuwahi chanjo, ambayo hutolewa kwa awamu. Kwa mtoto aliyeng'atwa kisiwani, safari ya kwenda Hospitali ya Mtakatifu Paulo pale Kashikishi na kurudi ina maana ya nauli ya boti, na mzazi kuacha kazi.

Wapo wenye uwezo wanaodhani dawa ni kuagiza mbwa wa kizungu kutoka Lusaka. Hao waangalie historia ya basenji. Mbwa huyo alichukuliwa misituni Kongo na kupelekwa Uingereza na Marekani miaka ya 1930. Walioanzisha kizazi cha huko walikuwa wachache mno, na maradhi ya kurithi ya damu na figo yakaenea. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walilazimika kurudi vijijini Kongo kutafuta damu mpya. Mbwa wa kijijini anayedharauliwa Nchelenge amezoea joto la huko na chakula cha huko. Anachokosa ni chanjo na mwenye nyumba anayemjali.

Kwa hiyo wajibu una pande mbili. Anayegawa watoto wa mbwa amchanje mama, awakuze wanawe hadi wiki nane, na asitupe majike kwa kuwa watu wote wanataka madume. Anayepokea amwone mama kwanza, na asimvushe mtoto ziwani bila kupita kwa afisa mifugo.

Serikali mbili zina wajibu wao pia, maana mwananchi hawezi kuonyesha cheti cha chanjo ambayo haikumfikia. Ili kukata mnyororo wa maambukizi, mbwa wasiopungua asilimia 70 wanatakiwa kuchanjwa, na kwa kuwa vijijini mbwa hufa na kuzaliwa kwa kasi, zoezi lirudiwe kila mwaka. Nchelenge na Pweto zichanje wiki moja, visiwa vyote vikiwemo, na watoto wa mbwa walio chini ya miezi mitatu wasirudishwe nyumbani bila sindano. Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inafaa kabisa kwa kuanzia: boti za chanjo ziondoke asubuhi hiyo kutoka kila upande wa Mweru.