Mahafali yakiisha, mhitimu anabaki na nini mkononi?

Na Mwandishi Wetu

KILA inapofika Novemba na Desemba, mitaa ya Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Mwanza hujaa vijana waliovaa majoho. Wazazi husafiri kwa mabasi kutoka vijijini, mashada ya maua huuzwa nje ya kumbi, na picha hupigwa hadi jua linapozama.

Familia hizo zina kila sababu ya kufurahi. Nyuma ya joho moja mara nyingi kuna shamba lililouzwa, ng'ombe waliopungua zizini, mdogo mtu aliyeambiwa asubiri zamu yake ya kusoma, na mkopo ambao marejesho yake yatachukua miaka mingi.

Hata hivyo, majoho yakisharudishwa, swali ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza siku ile hubisha hodi. Kijana huyu amejifunza nini, na amepata nini, kwa miaka mitatu au minne aliyokaa chuoni?

Zamani jibu lilikuwa jepesi: amepata kazi. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU lililopo Mtaa wa Lumumba, kilianza na wanafunzi 14 tu wa sheria. Tanganyika ilikuwa imebakiza wiki chache kupata Uhuru, na ofisi zilizohitaji wasomi zilikuwa nyingi kuliko wasomi wenyewe. Aliyemaliza chuo alikuta kiti kinamngoja.

Leo hesabu imegeuka. Juni 2014, vijana wanaokadiriwa kufikia 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha za majukwaa yaliyofurika zilizunguka nchi nzima.

Mapema mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Si wote walioomba walikuwa na shahada, lakini hesabu yenyewe inatisha: hata kama nafasi zote zingejazwa siku hiyo hiyo, zaidi ya watu 133,000 wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Kutokana na hali hiyo, imezuka kauli mitaani kwamba chuo hakina faida tena, na kwamba ni afadhali kijana angenunuliwa bodaboda kwa fedha ile ile iliyomlipia ada.

Ni kauli inayotokana na uchungu wa kweli, na haifai kubezwa. Lakini inachanganya mambo mawili. Uhaba wa ajira ni suala la uchumi wa nchi. Ubora wa kile ambacho mhitimu anatoka nacho ni suala la chuo. Hakuna chuo kinachoweza kulaumiwa kwa sababu TRA ilitangaza nafasi 1,596 na si 50,000. Kinachoweza kuulizwa ni iwapo kijana kiliyemvisha joho anaiweza kazi anayoiomba.

Na hapo ndipo penye tatizo. Oktoba 2022, taifa lilishtushwa na matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 walifeli.

Mjadala ulikuwa mkali. Wapo walioilaumu shule hiyo, wapo walioulaumu mtihani, na Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza suala hilo. Jambo moja, hata hivyo, halikuwa na ubishi: vijana wote 633 waliingia pale wakiwa tayari na shahada ya sheria. Kila mmoja alikuwa amehudhuria mahafali, amepigwa picha na amepongezwa na ukoo mzima.

Wala tatizo si la wanasheria peke yao, wala si la Tanzania peke yake. Mwaka 2014 Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki liliripotiwa kubaini kuwa zaidi ya nusu ya wahitimu katika nchi za ukanda huu hawakuwa wameandaliwa vya kutosha kwa kazi. Wapo waliotilia shaka namna kipimo hicho kilivyofanywa, lakini mwajiri aliyewahi kupokea barua ya maombi ya kazi isiyoeleweka anajua kinachozungumzwa.

Swali la kujiuliza ni hili: chuo hasa kinatoa nini?

Jibu la haraka ni maarifa ya fani. Ni kweli, lakini maarifa peke yake hayajawahi kuwa rahisi kupatikana kama sasa. Mtu mwenye simu na bando anaweza kusoma sheria ya mikataba au kanuni za uhasibu akiwa amekaa kibarazani kwao Mbagala. Kama chuo kingekuwa ni notisi tu, basi kingekuwa kimekwisha kufa.

Kitu ambacho simu haiwezi kumpa kijana ni kazi inayosahihishwa: kuandika insha na kurudishiwa ikiwa imejaa wino mwekundu, kuchora ramani ya jengo na kuulizwa maji ya mvua yatapita wapi, kusimama mbele ya darasa na kutetea hoja huku mwenzako akitafuta tundu. Mwenye kupita katika hayo mara nyingi hutoka akiwa na macho ya kuona kosa lake mwenyewe kabla hajaonyeshwa na bosi. Hayo ndiyo mafunzo yenyewe, na cheti ni ushahidi tu kwamba yalifanyika.

Mwandishi wa makala haya ana stashahada ya uandishi wa habari, si shahada. Nadharia za mawasiliano nilizokariri kwa ajili ya mtihani zimeshatoweka kichwani. Ninachokikumbuka ni mkufunzi aliyenirudishia habari moja ya aya nane mara tatu, kila mara akiandika pembeni swali lile lile: nani amesema? Leo siandiki sentensi bila kujiuliza swali hilo. Ada yangu yote ilikuwa pale.

Zipo fani ambazo bado zinalifahamu hilo. Mwanafunzi wa udaktari hukaa chuoni miaka mitano, na sehemu kubwa ya muda huo huwa wodini, akimsikiliza mgonjwa na kuulizwa maswali na daktari mbele ya wenzake. Akimaliza, anaongezwa mwaka mmoja wa utarajali chini ya usimamizi. Hakuna anayethubutu kumpa mgonjwa mtu aliyesoma upasuaji katika karatasi za kurudufu.

Katika fani nyingine, karatasi za kurudufu ndizo zimekuwa chuo. Wanafunzi wenyewe huziita desa. Anayepita jirani na chuo chochote kikubwa wakati wa mitihani atakuta foleni kwenye vibanda vya fotokopi, ambako notisi za miaka iliyopita, pamoja na makosa yake, huuzwa kwa kurasa.

Si haki kumtupia mwanafunzi lawama yote. Mhadhiri mwenye darasa la watu 50 anaweza kutoa insha tatu kwa muhula na kuzisoma zote. Mpe darasa la watu 600, naye atatafuta njia ya kunusurika. Insha hugeuka maswali ya kuchagua jibu. Kazi ya mtu mmoja hugeuka kazi ya kikundi cha watu kumi, ambapo wawili huandika na wanane huongeza majina na namba za usajili.

Katika mfumo uliozoeleka wa asilimia 40 za kazi za muhula na asilimia 60 za mtihani wa mwisho, mtu wa aina hiyo anaweza kuvuka hadi kwenye mahafali bila mhadhiri hata mmoja kuwahi kusoma kurasa tano alizoandika kwa mkono na akili yake. Sasa zimekuja programu za akili mnemba, ambazo huandika insha nzima kwa dakika moja. Anayezitumia kukwepa kazi anaokoa usiku mmoja wa usingizi, lakini anakuwa amelipia mazoezi ambayo yamefanywa na mashine.

Kuna pia kikwazo cha lugha. Mtoto wa Kitanzania katika shule nyingi za msingi husoma kwa Kiswahili, kisha hubadilishiwa lugha sekondari, na chuoni hutakiwa kuandika na kujieleza kwa Kiingereza. Wengi hufika huko wakielewa hoja vizuri, lakini wakishindwa kuitoa. Anayekosa maneno hukariri, na aliyezoea kukariri ni vigumu kuhoji. Bila kazi ya kuandika inayosahihishwa kwa ukaribu, pengo hilo halizibiki kwa miaka mitatu.

Faida nyingine ya chuo haipo katika ratiba ya mihadhara. Ni watu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa Mlimani walikuwa na umoja wa kimapinduzi uliojulikana kama USARF, ambao uliongozwa na kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Walikuwa na jarida lao, Cheche, na mwaka 1970 lilichapisha uchambuzi wa mapambano ya kitabaka nchini ulioandikwa na kijana wa sheria aliyeitwa Issa Shivji. Jarida hilo lilipigwa marufuku mwaka huo huo.

Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na siasa zao. Lakini hakuna aliyewapa alama kwa mijadala ile ya usiku, na bado ilichangia kumpata mwanasiasa aliyekuja kuwa Rais na profesa ambaye maandishi yake yanasomwa hadi leo.

Si kila mwanafunzi atakuwa Shivji. Hata hivyo, kijana wa Kibondo anayelala chumba kimoja na mwenzake wa Pemba, anayegombea uongozi wa darasa na kushindwa, au anayetunza fedha za kikundi cha kukopeshana wakati bumu limechelewa, anajifunza mambo ambayo hayapo kwenye desa lolote. Miaka kumi baadaye, hao ndio watu atakaowapigia simu akitafuta kazi, mbia au ushauri.

Jambo hili si la mwanafunzi na mzazi wake tu, kwa sababu gharama si yao peke yao. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza kazi mwaka 2005, fedha za walipa kodi zimekuwa zikiwasomesha maelfu ya vijana. Mwaka 2022 fedha za chakula na malazi zilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku.

Mnufaika akiajiriwa, marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yanataka akatwe asilimia 15 ya mshahara, yaani Sh15,000 katika kila Sh100,000. Mwaka 2021 Serikali ilifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, hatua iliyowapa wengi nafuu. Lakini nafuu ya deni haiongezi ujuzi. Aliyetoka na cheti kitupu anadaiwa sawasawa na aliyetoka na kazi mikononi.

Mwalimu Julius Nyerere, katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila na asirudi, alisema, ni msaliti. Mfano huo ulimhusu msomi mbinafsi. Leo tuna la kuongeza: vipi kuhusu yule anayetaka kurudi, lakini chakula alichopewa hakikumpa nguvu?

Serikali haijakaa kimya. Mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, unaogharamiwa kwa mkopo wa Dola milioni 425 za Marekani kutoka Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2021, ulilenga kujenga kampasi mikoani, kusomesha wahadhiri na kupitia upya mitaala. Mitaala mipya ya shule iliyoanza kutumika mwaka 2024 nayo imeleta mkondo wa amali katika sekondari.

Ni hatua njema. Tahadhari moja tu inafaa kutolewa: majengo hayasahihishi insha. Maabara mpya yenye wanafunzi 40 kuzunguka kifaa kimoja itatoa mtu mmoja aliyeshika kifaa na 39 waliokitazama. Vyuo vipimwe pia kwa idadi ya wanafunzi kwa kila mhadhiri, na kwa namna wanavyosimamiwa wakiwa katika mafunzo kwa vitendo. Waajiri nao waache kuwatumia wanafunzi hao kubeba mafaili na kuagiza chai, halafu wakalalamika kwamba wahitimu hawajui kazi.

Kwa mzazi anayejiandaa kulipa ada, swali la kuuliza wakati wa likizo si "umefaulu?" pekee. Mwambie mwanao akuonyeshe kazi aliyoifanya mwenyewe na ikarudishwa na maoni ya mwalimu. Kama kwa mwaka mzima hana hata moja, kuna mtu katika mnyororo huu ambaye hatimizi wajibu wake.

Kwa mwanafunzi, ajira hauwezi kuihakikisha. Hiyo iko nje ya uwezo wako. Kilicho katika uwezo wako ni kukataa kuwa jina la saba kwenye kazi ya kikundi. Siku ya usaili, mbele ya watu watatu usiowajua, cheti kitakuwa kimelala mezani pamoja na vya wenzako 84 wanaoitaka nafasi hiyo hiyo, na utaulizwa ufanye kitu.