Kiti Kimekabidhiwa, Fungu Bado

Mashirika mengi ya hiari yaliyoanzishwa na wageni husema siku hizi kwamba yanakabidhi uongozi kwa wenyeji, hatua kwa hatua. Maneno hayo yanapendeza masikioni. Lakini hatua kwa hatua yaweza kuwa safari, na yaweza vilevile kuwa kisingizio cha mtu asiyetaka kuondoka. Anayetaka kuyatofautisha mambo hayo mawili na atazame Ifakara, katika Bonde la Kilombero.

Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Uswisi ikafungua hapo maabara ndogo. Ilikuwa maabara ya wageni. Watafiti walitoka Basel, maswali yao yalitoka Basel, na majibu yakarudi huko huko. Mwananchi alikuwa zaidi ni msaidizi. Mwaka 1961 kikaongezwa kituo cha kufundishia watumishi wa afya wa vijijini, ambacho Serikali ilikabidhiwa mwaka 1978. Maabara haikukabidhiwa pamoja nacho. Chuo chaweza kuendeshwa mara wapatikanapo walimu na mishahara yao, lakini utafiti hudai watu waliosoma kwa miaka mingi, na wakati ule Taifa lilikuwa nao wachache mno.

Kilichofuata ndicho chenye mafunzo. Vijana wa Kitanzania walifanya kazi katika vijiji vya Kilombero, na kadhaa wao wakapata shahada za uzamivu Basel kwa utafiti waliouendesha nyumbani. Mwaka 1991 maabara ikageuka kuwa Kituo cha Ifakara, na mwaka 1996 kikaandikishwa kwa sheria za Tanzania chini ya wadhamini. Dk. Andrew Kitua akawa Mtanzania wa kwanza kukiongoza, akafuatiwa na Dk. Hassan Mshinda, Dk. Salim Abdulla na Dk. Honorati Masanja. Kitua aliondoka akaongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mshinda akaongoza Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Kituo kilichokwisha kuwa na uwezo wa kulipa Taifa viongozi, na bado kikabaki na wengine wa kushika nafasi zao, hakina haja ya kuombewa muda zaidi.

Hapo ndipo mashirika mengi hukosea. Hutafuta mtu mmoja mwenye jina la kienyeji, humkalisha kitini na kumpiga picha, ilhali mhasibu mkuu na mpangaji wa miradi wamebaki ng'ambo. Mkurugenzi wa namna hiyo ni mlinzi wa nyumba ya mtu mwingine.

Matunda ya Ifakara yanajulikana. Mradi wa vyandarua vyenye dawa ulioanza Kilombero mwaka 1996 ulionyesha kwamba vyandarua huokoa maisha ya watoto wadogo hata vinapouzwa madukani kwa njia za kawaida, na ulisaidia kuandaa mpango wa Taifa uliowafikia akina mama wajawazito kwa Hati Punguzo. Tawi la Bagamoyo lilishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021.

Hata hivyo, taasisi hiyo, iliyopata jina lake la sasa la Taasisi ya Afya Ifakara mwaka 2008, bado hutegemea kwa sehemu kubwa fedha za wafadhili wa nje. Mwenye fedha hahitaji kukalia kiti ili aamue ni ugonjwa upi utachunguzwa mwaka huu na upi utangoje. Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya barani Afrika ilikwama kwa siku chache tu, na uzalendo wa wakurugenzi wake haukuweza kuizuia isikwame.

Wakuu wa nchi za Afrika walikwisha kuafikiana kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Nchi nyingi hazijafika hapo. Wizara, halmashauri na vyuo hapa nchini vinayatumia matokeo ya Ifakara kila siku, katika zahanati na madarasani, na ni haki vichangie gharama yake. Maofisa wanaoandaa makadirio wanajua fungu la utafiti liko ukurasa gani, na wanajua pia kwamba, kalamu ya kupunguza inapopita, mara nyingi huanzia hapo.